Mafuta Yalishuka, Nauli Ikabaki Juu: Ushuru Unaopitia Vichochoroni

SWALI: Hujambo Mwalimu. Mimi ni karani katika kampuni moja ya Industrial Area, Nairobi, na ninaishi Githurai 45. Mshahara wangu ni shilingi 45,000 tangu mwaka 2022. Haujaongezwa wala kupunguzwa, lakini pesa zinazoingia benki zimezidi kupungua. Nauli ya kwenda mjini ilikuwa 60. Mafuta yalipopanda mwaka 2023 ikawa 80, na siku ya mvua ni 100. Mafuta yakashuka, nauli ikakataa kushuka. Kila nikifungua redio naambiwa uchumi umetulia na mfumko wa bei umepungua. Mwaka 2024 vijana waliandamana hadi Mswada wa Fedha ukaondolewa, nikadhani tumepona. Mbona basi bado tunakamuliwa? Nani anakula hiyo tofauti, na mtu wa kawaida kama mimi afanye nini?

JIBU: Hujambo dada. Chukua hati yako ya mshahara tuanzie hapo, kwa kuwa hesabu yake haina ubishi wa kisiasa.

Desemba 2022, mfanyakazi wa shilingi 45,000 alikatwa NSSF (akiba ya uzeeni) 200, NHIF (bima ya afya ya wakati ule) 1,100 na PAYE (ushuru wa mapato) kama 5,660 baada ya kuondolewa nafuu zake. Alikwenda nyumbani na takriban 38,040. Desemba 2025, mfanyakazi huyo huyo mwenye mshahara ule ule alikatwa NSSF 2,700, SHIF (bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF) 1,237.50, ushuru wa nyumba 675 na PAYE kama 4,500. Alibaki na takriban 35,890. Pengo ni shilingi 2,150 kwa mwezi, karibu 26,000 kwa mwaka. Kwa hiyo hukuota. Mshahara wako haukuguswa, lakini kilichoguswa ni njia inayopitia kabla haujakufikia.

Umeona jambo la ajabu hapo? PAYE, yaani ushuru wa mapato wenyewe, ambao ndio watu huulaani zaidi, umeshuka kwa zaidi ya 1,100. Sababu ni kwamba tangu tarehe 27 Desemba 2024 makato ya SHIF na ya nyumba huondolewa kwenye mshahara kabla PAYE haijapigwa, kama ilivyo NSSF. Aliyekula nafasi si PAYE. Ni wale wengine watatu, na hawafanani.

NSSF ndiyo iliyochukua fungu kubwa, shilingi 2,500 zaidi ya zamani. Lakini hiyo ni akiba yako, na mwajiri wako anatia 2,700 nyingine kwa jina lako. Sikwambii ushangilie, maana pesa ya uzeeni hailipi karo ya Januari. Nakuomba tu usiihesabu pamoja na ushuru. SHIF imekuzidishia shilingi 137 tu ukilinganisha na NHIF. Maumivu yake makubwa yako kwa wanaolipwa zaidi yako, kwa kuwa NHIF ilikuwa na kikomo cha 1,700 na hii ya sasa, asilimia 2.75, haina kikomo. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ndio mpya kabisa, na ukishakatwa hurudishiwi hata ukiwa huna haja ya nyumba ya serikali.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwenye hati yako. Mwajiri naye hulipa NSSF sawa na yako, na ushuru wa nyumba sawa na wako. Mwaka 2022 gharama zake za aina hiyo kwa ajili yako zilikuwa shilingi 200, na sasa ni 3,375. Ukimwuliza kwa nini hajakuongeza mshahara kwa miaka mitatu hatakutajia jambo hili, lakini limo kwenye hesabu zake. Nyongeza ambayo ungeipata imekwenda kwingine kabla hujaiomba.

Sasa kumbuka yalivyokuja makato hayo. NSSF mpya inatokana na sheria ya mwaka 2013 iliyokwama mahakamani hadi Mahakama ya Rufaa ilipoifungulia njia Februari 2023, na viwango vikawa vinapanda kila Februari. SHIF ina sheria yake ya mwaka 2023, na makato yalianza Oktoba 2024. Ushuru wa nyumba uliingia kwa Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikaubatilisha Novemba mwaka huo, ukarudi na sheria yake binafsi Machi 2024. Hakuna hata kato moja kati ya haya lililoanzishwa na Mswada wa Fedha wa 2024, ule ulioangushwa na maandamano. Shikilia hilo, nitalirudia tukifika kwenye swali lako la mwisho.

Tupande matatu.

Watu wengi huamini kwamba ushuru wa mafuta ni mzigo wa wenye magari. Mwishoni mwa 2025 lita ya dizeli Nairobi ilikuwa shilingi 171.47. Ndani ya bei hiyo mlikuwa na tozo ya ukarabati wa barabara shilingi 25, VAT (ushuru wa thamani iliyoongezwa) kama 23.65, ushuru wa bidhaa 11.37, tozo ya maendeleo ya mafuta 5.40, kisha vijishilingi na senti za udhibiti, reli na uagizaji. Jumla inakaribia 70. Kwenye petroli, ambayo ushuru wake wa bidhaa ni 21.95, jumla inapita 80. Tena VAT hupigwa mwisho, juu ya bei ambayo imekwisha kubeba tozo nyingine zote, kwa hiyo sehemu ya unacholipa ni ushuru uliotozwa ushuru. Hivyo ndivyo sheria ilivyo tangu 2020. Kiwango chenyewe kilikuwa asilimia 8 kuanzia Septemba 2018, kikafanywa 16 Julai 2023.

Sasa sikiliza kitu ambacho sisikii kikisemwa redioni. Kiwanda cha sabuni jirani na ofisi yenu, kikiwa kimesajiliwa kwa VAT, kinanunua dizeli ya malori yake, kinalipa hiyo VAT, halafu kinaipunguza kwenye VAT kinayodaiwa na KRA, mamlaka ya ushuru. Kwake yeye ushuru ule unapita tu. Mwenye matatu hawezi kufanya hivyo. Usafiri wa abiria umesamehewa VAT, na ukiuza kitu kilichosamehewa huruhusiwi kudai VAT uliyolipa kwenye manunuzi yako. Msamaha huo unasikika kama hisani, kwamba nauli haina VAT. Lakini VAT imo! Imeingia kupitia tangi la mafuta, imekwama humo, na mwenye gari hana pengine pa kuiteremsha isipokuwa kwa abiria. Kamba hukatikia pabovu. Kati ya kiwanda, mwenye gari na wewe, wewe ndiye usiye na mtu wa kumpasia.

Tupige hesabu ya makisio, kwa viwango hivyo vya mwishoni mwa 2025. Githurai 45 hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 13. Chukua gari la abiria 14 linalotumia dizeli, lipe kilomita 8 kwa lita kwa sababu ya foleni. Kwenda na kurudi litachoma lita 3.25 hivi. Asubuhi linashuka mjini likiwa limejaa, linarudi likiwa nusu tupu, kwa hiyo tuseme abiria 21 kwa mzunguko mzima. Ushuru na tozo kwenye lita hizo ni takriban shilingi 227, ambazo ukizigawa kwa abiria 21 unapata karibu 11. Kila unapotoa nauli yako, shilingi kama 11 ni za serikali, na hakuna anayekupa risiti. Ukisafiri asubuhi na jioni siku 24 za mwezi, unafikisha zaidi ya 500. Na hiyo ni safari ya Githurai peke yake, sijagusa gari la pili la kukufikisha Industrial Area. Kwa maneno mengine, ushuru uliomo kwenye nauli zako unakaribia kuwa sawa na ushuru wa nyumba, isipokuwa huu hauandikwi popote.

Je, nauli kukataa kushuka? Kwa hesabu hiyo hiyo utaona kitu kisichompendeza yeyote, si wewe wala mwenye gari. Dizeli ilikuwa 162 Desemba 2022, ikafika 205.47 Oktoba 2023. Ongezeko hilo la shilingi 43 na ushei, likigawanywa kwa abiria, ni kama 7 kwa safari. Nauli yako ilipanda kwa 20. Kisha dizeli ikashuka hadi 171.47, punguzo la shilingi 34 kamili, ambalo kwa abiria mmoja ni kama 5. Kwa kufuata mafuta peke yake, ungelipa 67 kisha 62.

Nani basi anakula zile zilizobaki? Sehemu fulani ni halali. Vipuri hununuliwa kwa dola, na dola ilipanda hadi kupita shilingi 160 Januari 2024 kabla ya kushuka na kutulia karibu na 129. Mikopo ya magari ilipanda riba, maana Benki Kuu ilifikisha kiwango chake asilimia 13 Februari 2024, na aliyekopa wakati ule bado anaulipa mkopo ule. Kodi ya mapema ya magari ya abiria ilitolewa kwenye shilingi 60 kwa kiti kwa mwezi ikawekwa 100 na Sheria ya Fedha ya 2023. Gari la viti 14 hulipa 16,800 kwa mwaka. Ongeza bima, ada za sacco (ushirika wa wenye matatu wa njia moja), ada za kaunti, na pesa za barabarani ambazo sote tunajua huishia kwenye mkono wa nani.

Sehemu nyingine si halali sana. Nchini Kenya serikali haipangi nauli za matatu. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inatoa leseni, sacco ndizo zinazopanga bei. Dereva na konda wana hesabu ya kila siku ya kumpelekea mwenye gari, na chochote kinachozidi hapo ni chao, kwa hiyo hawana sababu ya kupunguza nauli mpaka sacco ya pili kwenye stage ile ile ianze kuwanyang'anya abiria. Zaidi ya hapo kuna chenji. Hakuna konda atakayetangaza nauli ya 62. Nauli husogea kwa 10 au 20, na mafuta yakishuka kidogo kidogo, mwezi huu shilingi moja, mwezi ujao mbili, hakuna siku hata moja ambayo punguzo linakuwa kubwa kiasi cha kumlazimisha mtu kuondoa 10 kwenye nauli. Kupanda kulikuja kwa kishindo, shilingi kumi na kitu kwa lita kwa mwezi mmoja, na kila mtu akapata sababu.

Kwa hiyo nikiulizwa nani mwizi, sina mmoja wa kukunyooshea kidole. Ila nitasema hivi. Serikali ilipoongeza VAT ya mafuta Julai 2023, katikati ya mwaka ambao shilingi yetu ilikuwa inaporomoka, ilijua vizuri kwamba nauli haitarudi chini hata mafuta yakirudi. Kila aliyewahi kuishi Nairobi analijua hilo.

Kuhusu redio na mfumko wa bei, jibu ni fupi. Mfumko ulifika asilimia 9.6 Oktoba 2022 na ukashuka hadi 2.7 Oktoba 2024. Maana yake si kwamba bei zilishuka. Zilipanda polepole zaidi kuliko awali, juu ya kile kilima zilichokuwa zimekwisha kukipanda. Mtu ambaye mshahara wake umesimama tangu 2022 anaachwa nyuma hata mfumko ukiwa asilimia 2. Waziri hakudanganyi anaposema mfumko umepungua, na wewe humdanganyi unaposema hali ni ngumu. Mnapima vitu viwili tofauti.

Sasa swali lako zito, la Mswada.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na mambo ambayo kila mtu aliyaelewa bila kuhitaji mhasibu: VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, na kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani yake. Tarehe 18 Juni, vijana walipoanza kuingia barabarani, Kamati ya Fedha ya Bunge ilitangaza kuviondoa baadhi ya vipengele hivyo. Haikutosha. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia Bungeni, risasi zikafyatuliwa, na siku iliyofuata Rais Ruto akasema hatatia sahihi. Kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Sitasema lolote la kupunguza uzito wa hilo. Mkate wako hauna VAT leo kwa sababu ya vijana wale.

Lakini angalia kilichotokea wiki tatu hivi baadaye. Tozo ya ukarabati wa barabara ilikuwa shilingi 18 kwa lita. EPRA, mamlaka inayotangaza bei za mafuta, ilipotoa bei za tarehe 14 Julai 2024, tozo hiyo ilikuwa 25. Shilingi 7 juu, bila Mswada wa Fedha, bila kura ya wabunge moja kwa moja kwenye runinga. Sheria ya hazina hiyo ya barabara, ya mwaka 1993, inamruhusu waziri kuiweka kwa tangazo la Gazeti Rasmi. Na mbona kelele zilikuwa chache? Kwa sababu mwezi ule petroli ilishuka kutoka 189.84 hadi 188.84, na dizeli kutoka 173.10 hadi 171.60. Shilingi yetu ilikuwa imeimarika, mafuta yanayoagizwa yakapungua bei kwa pesa zetu, na tozo ikaingia kwenye nafasi iliyoachwa. Kwenye petroli ulipunguziwa shilingi moja ilhali ungepunguziwa nane, hata zaidi ukihesabu na VAT juu yake. Magazeti yaliandika kwamba mafuta yameshuka, na hayakusema uongo.

Hapo ndipo penye jibu lako. Hasira yetu ina msimu. Huanza Mei Mswada ukichapishwa na huisha Juni ukipitishwa au kukataliwa. Ushuru hauna msimu. Mwingi wa ule unaokubana wewe ulipitia vichochoro vingine: sheria za kipekee kama zile za SHIF na nyumba, matangazo ya mawaziri kama hili la barabara, na sheria za mwisho wa mwaka. Desemba 2024, watu wakiwa njiani kwenda ushago, sheria ya marekebisho ya ushuru iliongeza tozo ya reli kwenye bidhaa zinazoagizwa kutoka asilimia 1.5 hadi 2. Ni sheria ile ile iliyokupa nafuu ya PAYE niliyokutajia mwanzoni, na huo ndio ustadi wa wanaoziandika, maana kizuri na kibaya husafiri kwenye gunia moja.

Na tozo ikishaingia, kuitoa ni kazi. Mwaka 2025 serikali ilichukua shilingi 7 kati ya zile 25 na kuziweka rehani kwa wakopeshaji, ili ipate takriban bilioni 175 za kulipa malimbikizo ya wakandarasi wa barabara. Barabara zilizokwama zikaanza kujengwa tena, hilo ni kweli na ni jema. Lakini saba zile sasa zina mwenyewe. Hata waziri mwenye huruma akija kesho, atakuta mkataba. Hali ni hiyo hiyo kwa bajeti nzima: deni la taifa limepita trilioni 10, na zaidi ya nusu ya ushuru unaokusanywa huishia kwenye deni na riba yake. Serikali yoyote ile, hii au nyingine, itakuwa inatafuta pa kupata shilingi nyingine saba.

Usitegemee sana mahakama pia. Sheria ya Fedha ya 2023, iliyoleta VAT ya 16 kwenye mafuta, ilipingwa na Seneta Okiya Omtatah na wenzake. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha tarehe 31 Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikaurudisha uhai wake tarehe 29 Oktoba. Muda huo wote wewe uliendelea kulipa.

Ufanye nini? Nitakupa yale ambayo ningemwambia dada yangu wa tumbo moja.

Kwanza hakikisha kwamba unachokatwa kinafika. Waajiri wanaokata na kukaa na pesa si wachache. Omba taarifa ya akaunti yako NSSF, uone kama zile 5,400 za kila mwezi, zako na za mwajiri, zimo. Piga *147# uone kama SHA, mamlaka inayosimamia SHIF, inakutambua kuwa umelipiwa, na ufanye hivyo ukiwa mzima, si ukiwa kwenye foleni ya hospitali. Fomu ya P9 utakayopewa mwanzoni mwa mwaka, yenye mapato na makato yako ya mwaka uliopita, ilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi kabla ya kuwasilisha ritani ya ushuru, ambayo mwisho wake ni Juni 30. Tazama hasa kama NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba vimeondolewa kabla ya PAYE kupigwa. Mhasibu anayetumia programu ya zamani anaweza kukutoza mamia ya ziada kila mwezi bila nia mbaya. Kwa mshahara wako, ukiona PAYE inapita 4,500, uliza. Na kama unalipia bima ya maisha au ya elimu ya watoto, una haki ya nafuu ya asilimia 15 ya malipo hayo, mpaka shilingi 5,000 kwa mwezi. Mpe mwajiri cheti cha bima, maana hatakitafuta yeye.

Nauli ni vigumu zaidi, lakini sacco zina ofisi na zina wenyeviti. Abiria mmoja akilalamika kwa konda ni kelele za asubuhi. Abiria thelathini wa stage moja wakiandika barua kwa sacco, wakaonyesha bei ya dizeli ya Oktoba 2023 na ya leo, na wakataja sacco jirani inayobeba kwa kumi chini, hiyo ni biashara inayotishiwa kuhama. Ukiona sacco zote za njia yenu zimepandisha kiasi kile kile siku ile ile, kumbuka Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza washindani kukubaliana bei, na Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamishi ya mwananchi yeyote. Sina imani kubwa kwamba watakimbilia Githurai, lakini barua iliyopokelewa na kupigwa muhuri ina uzito kuliko matusi.

Kuhusu ushuru wenyewe, tarehe ya kukumbuka kila mwezi ni 14, jioni, EPRA inapotoa bei. Usisome tu bei ya mwisho. Tangazo lao huwa na jedwali la tozo zilizomo kwenye kila lita. Lilinganishe na la mwezi uliopita. Siku mafuta yatakaposhuka shilingi mbili na jedwali lionyeshe tozo mpya, utajua kabla ya jirani zako.

Na tozo za mawaziri zina pa kupingiwa, ingawa wachache wanapajua. Chini ya Sheria ya Hati za Kisheria (Statutory Instruments Act) ya 2013, waziri anapaswa kuwashauri wanaoathirika kabla ya kutoa tangazo la aina hiyo, na tangazo lenyewe lazima liwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, la sivyo linakosa nguvu. Bunge la Taifa lina Kamati ya Sheria Ndogo (Committee on Delegated Legislation) ambayo kazi yake ni kuyachambua matangazo hayo, na Bunge linaweza kulifuta tangazo zima. Kamati ya Fedha hupokea maelfu ya maoni kila Mei. Hii nyingine sijasikia ikilemewa na barua. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na hakisemi lazima uwe wakili. Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ukipenda, kwa kuwa ni lugha rasmi. Taja tangazo kwa nambari yake. Weka hesabu yako ya nauli kama niliyokufanyia hapo juu, kwa njia unayosafiri wewe, na majina ya wanaosafiri nawe. Mwenye hesabu ya shilingi 11 kwa kila abiria ni vigumu kumjibu kwa hotuba.

Ungeniuliza niombe jambo moja tu kwa niaba yako, nisingeomba nauli iondolewe kwenye msamaha na kupewa VAT ya asilimia sifuri ili wenye matatu wadai marejesho, ingawa kwenye karatasi hiyo ndiyo dawa kamili. Wengi wao hawajasajiliwa kwa VAT, na wachache waliosajiliwa wangekaa na marejesho mfukoni. Kwa viwango hivyo vya mwishoni mwa 2025, ningeomba VAT ya mafuta irudishwe asilimia 8. Kwenye dizeli ya 171 hiyo ni karibu shilingi 12 kwa lita. Kwa safari yako moja ni kama shilingi 2, na najua konda hatakurudishia hizo mbili. Lakini zingezuia 20 nyingine siku mafuta yatakapopanda tena, na mafuta hupanda. Ombi hilo linawahusu Kamati ya Fedha, na wakati wake ni Mei, Mswada ukiwa bado kwenye kamati, kabla haujafika ukumbini.